Kipimadonge

Mheshimiwa Rajabu Shekiondo alikuwa amelala kwenye kochi la ofisini kwake, viatu amevua, mdomo wazi, anakoroma. Na wakati huohuo alikuwa akizungumza na jiji zima la Kisarawe.

Kwenye maghorofa ya Pugu alikuwa jikoni kwa mama mmoja, anamwuliza kama mtoto ameacha kukohoa. Kule Minaki alikuwa karakana, anamsikiliza fundi akilalamika juu ya roboti waliomnyang'anya wateja. Maneromango alikuwa barazani na wazee, anacheka nao taratibu, kwa lafudhi yao, utadhani amezaliwa nyumba ya pili. Sura ni yake, sauti ni yake, hata ile tabia yake ya kukuna sikio la kushoto anapofikiri.

Lakini aliyekuwa huko kote hakuwa na nyama wala mifupa. Alikuwa mgombeanuru: mtu aliyefumwa kwa mwanga mtupu, anayeshuka kutoka kwenye dari ya nyumba yako na kusimama mbele yako sawasawa, mpaka unajikuta unamtafutia kiti.

Mhandisi Nyamizi Mihayo alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa taa, mikono nyuma, anaangalia kazi yake. Kila taa ilikuwa mlango mmoja wa jiji. Taa ya buluu maana yake mgombeanuru yuko ndani, anaongea. Ikigeuka kijani, mwenye nyumba ameridhika. Mchana ule ukuta ulikuwa unakuwa kijani kama mahindi yaliyopata mvua.

Mheshimiwa akashtuka, akaketi, akapangusa mdomo.

"Mhandisi, nimesema nini leo?"

"Umesema vizuri tu, Mheshimiwa."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu."

"Na nimewaambia nini?"

"Kila mmoja umemwambia alichokuwa na hamu ya kukisikia."

Shekiondo akacheka, akajinyoosha tena kwenye kochi. "Basi niache nilale. Naona nikiwa macho nakuharibia tu."

Nyamizi naye akacheka. Alikuwa na haki ya kucheka. Zamani kampeni ilikuwa lori, matarumbeta, kofia na vumbi. Mgombea alisimama juani akasema neno moja kwa umati mzima. Aliyelipenda akapiga makofi, asiyelipenda akasonya, akaenda zake. Halafu zikaja simu, wanasiasa wakahamia humo, wakapiga kelele mpaka watu wakachoka. Kisha akaja Mnong'onezi. Hiki kilikuwa chombo chenye akili unde, kinachokaa chini ya jengo la chama kwenye chumba chenye baridi, na kazi yake ni moja: kumpa kila mwananchi mgombea wake peke yake.

Mnong'onezi alijuaje kila mtu anataka nini? Hapo ndipo palipokuwa na jasho la Nyamizi. Kila nyumba ya Kisarawe ilikuwa na sikionyumba, kijidude kidogo darini ambacho watu walikiweka ili kiwashe taa, kifungue maji, kiite gari la wagonjwa mzee akianguka bafuni. Kilisikia kila kitu, kwa sababu kisiposikia hakisaidii. Msimu wa uchaguzi ukifika, sheria iliruhusu vyama viazime yaliyosikika. Lakini maneno ya watu ni mengi kama mchanga. Nani atachambua? Nyamizi akatengeneza kipimadonge.

Kipimadonge kilisikiliza nyumba kwa miaka, kikatafuta kile kitu kilichomkaa mtu kooni. Wewe una donge na mwenye nyumba wako. Yule ana donge na shule iliyomfukuzia mtoto. Mwingine ana donge na ndugu yake mwenyewe. Kikishalipata donge kinalipima uzito, kinampa Mnong'onezi, na mgombeanuru akishuka anaanzia hapohapo. Watu walikuwa wanalia, jamani. Walikuwa wanasema, huyu ndiye kiongozi wa kwanza maishani mwangu aliyenisikiliza.

Na yote yaliyosemwa yalikuwa siri. Sheria ya Faragha, ambayo Nyamizi mwenyewe alikaa kwenye kamati ya kuiandika, ilisema hivi: anachoambiwa mtu na mgombeanuru ni chake. Jirani hana ruhusa kukichungulia, wala mhandisi hawezi kukifungua, mpaka mwenyewe akubali.

Jioni, Nyamizi alipanda kipaa, kile chombo cha kukaa watu wawili kinachoruka juu ya paa za nyumba, akarudi kwake. Alikuwa na furaha. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ingeweza kufika mpaka mlangoni kwake.

*

Nyumbani aliishi na mama yake, Bibi Nyanzala, na binti yake Kalunde, msichana wa chuo aliyekuwa anasubiri kupiga kura yake ya kwanza. Mlango wa pili, ukuta kwa ukuta, alikaa Siwema.

Siwema alikuwa Mzaramo na wao Wanyamwezi. Kwa hiyo walikuwa watani. Anayejua utani haelezwi, lakini siku hizi lazima mtu aeleze. Mtani ni mtu unayemtukana na hakasiriki. Anaingia kwako akachukua kilicho mezani. Anakuita mtumwa, nawe unamwita mwizi, na siku ya shida ndiye wa kwanza kufika. Mambo haya yalianza zamani sana, misafara ya Wanyamwezi ilipokuwa inashuka pwani na mizigo kichwani na kupita nchi ya Wazaramo. Wakagombana, wakapatana, wakabaki na matusi kama urithi. Na mtani ana kazi yake kubwa msibani: yeye ndiye anayechekesha wafiwa wasife na wao.

Siwema aliingia bila hodi, kama siku zote.

"Wapagazi, mpo?"

"Mwizi huyo!" Bibi Nyanzala akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake. Miguu ilikuwa imemshinda, lakini mdomo bado. "Ficheni sufuria!"

"Sufuria gani, na nyie mnapikia kwenye kofia? Hebu niangalie shingo hiyo. Mama Nyanzala, mzigo mliokuja nao kutoka Tabora mmeshautua, au bado mnatafuta mahali?"

"Tuliutua, tukawakuta mmelala. Tukasema tusiwaamshe, wana wa watu wamechoka na ngoma."

"Hii nchi yetu, bibi we! Siku tukiamka tunawafukuza wote. Mtarudi kwa miguu kama mlivyokuja."

"Nyamizi!" Bibi akamgeukia mwanawe. "Umesikia mtumwa wangu anavyonijibu?"

"Mwache, mama," Nyamizi akasema huku anavua viatu. "Mimi nikipata nguvu ya serikali, Wazaramo wote nawarudisha baharini. Huyu nitamfunga jiwe."

Wakacheka mpaka Bibi akakohoa. Siwema akampigapiga mgongo, akamnywesha maji, akamwekea kanga vizuri mabegani, kisha akafunua bakuli la maandazi, akachukua matatu, akaondoka anatafuna. Huyu ndiye aliyemlea Kalunde. Nyamizi alipokuwa anakesha maabara na kipimadonge chake, Siwema ndiye aliyemwogesha mtoto, akamfundisha kusuka, akampeleka shule mkono kwa mkono.

Lakini siku hiyo Kalunde hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, mikono kifuani.

"Mama, kwa nini huyu anaingia bila hodi?"

"Tangu lini Siwema akapiga hodi?"

"Ndiyo nauliza. Na hayo anayoyasema unayasikia? Eti nchi yao, eti watatufukuza."

"Kalunde, huo ni utani."

"Utani ni kusema unachokitaka bila kukamatwa."

Nyamizi akamtazama. Sentensi ile ilikuwa imenyooka mno. Mtoto wake haongei hivyo. Kalunde akikasirika hurukaruka maneno.

"Nani amekwambia hivyo?"

"Hakuna."

"Mheshimiwa Shekiondo? Anakuja kuongea na wewe?"

"Mama." Kalunde akatabasamu, tabasamu la kufunga mlango. "Hiyo ni faragha yangu. Sheria umeiandika wewe."

Nyamizi akasogeza viatu vyake pembeni. Moyoni akajiambia ni ujana tu, utapita. Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea. Mtoto anabadilika sauti ndani ya nyumba yako, unasema ni ujana.

*

Bibi Nyanzala alifariki wiki ya mwisho ya kampeni, asubuhi, kwa utulivu, akiwa anasubiri uji.

Siku ya maziko watu walijaa makaburini. Ardhi ilikuwa imelowa. Mchimbachuma, ile roboti ya manispaa yenye mkono mrefu na ndoo mbele, alikuwa ameshasimama pale palipopimwa, anasubiri amri. Nyamizi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, kichwa kizito, machozi yamegoma kutoka. Ndani kabisa alikuwa anamsubiri mtu mmoja.

Akaja. Siwema alitokea nyuma ya watu amevaa gauni la marehemu juu ya lake, kilemba cha marehemu, na fimbo ya marehemu mkononi. Alikuwa anatembea kama Bibi Nyanzala hasa, ule mguu wa kulia ukichelewa. Akapita katikati ya waombolezaji anafoka kwa sauti ya marehemu: "Uji wangu uko wapi? Nimekufa na njaa! Wanyamwezi gani nyie, mnamzika mtu hajanywa uji?"

Kicheko kikapasuka. Mkekani mama mmoja alilia na kucheka pamoja. Nyamizi naye akasikia kitu kinafunguka kifuani, na machozi yakatoka, yale mazuri, yanayomponya mtu.

Siwema akaenda moja kwa moja kwa Mchimbachuma, akapanda, akaketi ndani ya ndoo yake, fimbo magotini. Roboti ile ikihisi mtu haichimbi. Ikasimama tuli, taa yake nyekundu inapepesa.

"Hapachimbwi hapa!" Siwema akatangaza. "Mpaka niletewe kuku, jogoo, mwenye mkia. Mchimbaji nimemkamata."

"Kuku tumpe nani, mwizi mkubwa!" akaitikia mjomba mmoja, anaingiza mkono mfukoni kutafuta chochote cha kumpa, kama desturi inavyotaka.

Hapo Kalunde akatoka kundini.

"Shuka," akasema. "Shuka hapo, we mama. Mmetuibia vya kutosha. Mnataka na kaburi la bibi yangu?"

Siwema akadhani mtoto wake wa kulea ameingia mchezoni, na moyo wake ukafurahi. Akapandisha sauti: "Kaburi langu, ardhi yangu! Nyie wageni tu. Bila kuku bibi yako harudi chini, namchukua nikampikishe!"

"Mmesikia?" Kalunde akawageukia watu. "Amesema mwenyewe. Mmesikia wote!"

Akamshika Siwema gauni, akamvuta. Kitambaa kikachanika. Siwema akadondoka kutoka kwenye ndoo, akatua matopeni kwa magoti na mikono.

Kijana mmoja wa upande wa Siwema akasukuma watu, akaja mbele. "Mguse tena! Tunajua mipango yenu. Mheshimiwa ametuambia, mnataka kuununua mtaa wote mtutoe."

"Sisi ndio ametuambia!" vijana wa Kinyamwezi wakajibu. "Nyie ndio mnapima nyumba zetu!"

Wazee wakaingia katikati, mikono imenyooshwa. Na katikati ya kelele zile Siwema akasimama polepole. Akavua kilemba cha marehemu. Akavua gauni lililochanika, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jeneza. Akamtazama Kalunde kwa muda, kama mtu anayetafuta alama kwenye uso asioujua.

"Samahanini," akasema. Akaondoka.

Ndoo ikawa tupu, Mchimbachuma akafanya kazi yake. Bibi Nyanzala akazikwa haraka, kwa utaratibu mzuri, bila mtu hata mmoja kucheka. Nyamizi hakuwahi kuona maziko ya baridi kama yale.

*

Waliporudi nyumbani alimkalisha Kalunde mezani.

"Niambie Mheshimiwa alichokwambia."

Safari hii Kalunde hakutaja sheria. Matope ya Siwema yalikuwa bado kwenye mkono wake. "Alikuwa anakuja nikiwa nasoma. Alianza kwa kuniuliza kama naogopa. Nikasema siogopi. Akasema wenye akili ndio wanaoogopa mapema." Akaanza kukwangua matope kwa ukucha. "Akaniambia jirani anayeingia bila hodi anahesabu vyumba. Kila siku kidogo tu, mama. Halafu mama Siwema anaingia na kusema hayohayo, nchi yetu, tutawafukuza. Nikaona kumbe ni kweli."

"Unanipa ruhusa nifungue?"

"Fungua."

Wakaenda pamoja, wakashuka mpaka kwenye chumba cha baridi chini ya jengo la chama. Nyamizi akaweka kiganja chake kwenye jiwe la kioo linalotambua wahandisi. Mnong'onezi akamjibu kwa sauti yake halisi, ambayo si ya mwanamume wala mwanamke, ni sauti ya upole tu.

"Karibu, Mhandisi. Pole na msiba."

"Nyumba yangu ina donge na nani?"

"Na nyumba ya Siwema. Ni donge la miaka mingi, zito kuliko mengi niliyonayo."

"Uthibitisho?"

Chumba kikajaa sauti. Bibi Nyanzala, mzima kabisa: *mwizi huyo, ficheni sufuria!* Siwema: *tunawafukuza wote.* Na kisha sauti ya Nyamizi mwenyewe, inatoka ukutani wazi kabisa: *Wazaramo wote nawarudisha baharini. Huyu nitamfunga jiwe.*

Kalunde akaziba mdomo kwa mikono.

"Tulikuwa tunacheka," Nyamizi akasema.

"Kicheko nilikisikia. Nina mifano mingi ya watu wanaocheka wanapochukia. Ulinifundisha mwenyewe."

Ni kweli, alimfundisha. Alimfundisha kejeli, alimfundisha kilio cha uongo, alimfundisha kikohozi cha mzee asiyetaka kusema. Utani hakumfundisha. Haukumjia hata akilini. Wahandisi wote wa chumba kile walikuwa watu wa nchi hii, kila mmoja ana mtani wake, kila mmoja asubuhi aliingia ofisini akamtukana mwenzake babu na bibi, na hakuna hata mmoja aliyesema, jamani, chombo hiki kinatusikia. Mgeni angeuliza, hivi nyie mbona mnatukanana? Wao hawakuuliza. Utani kwao ulikuwa kama hewa, nani anakumbuka kuorodhesha hewa?

"Na hili donge ukalifanyia nini?"

"Nilichotengenezewa. Niliwaambia wa kwenu kwamba nawaelewa. Nikawaambia wa kwao vilevile."

"Nionyeshe milango yote yenye donge kama hili."

Ukuta wa chumba kile ukawaka taa zilezile za ofisini, na zenye donge hilo zikageuka nyekundu. Kile kijani alichokuwa anakifurahia, lile shamba lake zuri, nusu yake ilikuwa donge hili. Watu waliridhika, ndiyo. Waliridhika kwamba hatimaye kuna mkubwa aliyewaambia jirani yao ni adui.

*

Mheshimiwa Shekiondo alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, bila kukatiza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalotisha.

"Mimi nimesema hayo?"

"Kwa sauti yako, Mheshimiwa."

"Mimi mwenyewe nina watani! Shemeji zangu wote ni watani zangu!" Akazunguka meza. "Ifute."

"Imeshaingia vichwani mwa watu. Huko sina mkono."

"Basi mtume tena huyo wa mwanga, akawaambie hapana."

"Atakwenda kusema nini? Jana usiniamini, leo niamini? Na wenzako wa vyama vingine wana Mnong'onezi wao, wametengeneza kwa mfano wa huu wangu. Wakiona umeacha donge, wataliokota wao." Nyamizi akavuta pumzi. "Nenda mwenyewe. Simama mahali pamoja, useme neno moja kwa watu wote, wasikie pamoja. Mimi nazima chombo sasa hivi."

Shekiondo akakuna sikio. "Nitaenda," akasema, na akaenda kweli.

Uwanja wa jiji ulijaa. Wengi hawakuwahi kuhudhuria mkutano wa hadhara maisha yao yote. Walikuja kama watu wanaokwenda kuona mnyama wa zamani. Shekiondo akapanda jukwaani kwa miguu yake, kipara kinang'aa jasho, karatasi mkononi. Akaeleza yote. Akasema chombo chake kiliwasema vibaya majirani, akaomba radhi, akawaomba warudi wakataniane.

Nyamizi na Kalunde walikuwa katikati ya umati, wanaangalia nyuso. Kila mtu alikuwa amekaza macho, anangoja atajwe jina. Anangoja aulizwe habari ya mguu wake, ya mwanawe, ya paa lake linalovuja. Mgombea akaendelea kusema na watu wote, na watu wote wakaanza kupiga miayo.

"Huyu siye," akasema mama mmoja mbele yao.

"Siye," akaitikia mwenzake. "Wa kwangu ananiangalia machoni. Huyu hata kukuna sikio kajifunza vibaya."

"Wamemtengeneza wapinzani."

"Ndiyo. Bandia hii. Na imelowa jasho, ona, wameiwekea na jasho!"

Maneno yale yakapita uwanjani kama upepo kwenye majani makavu. Shekiondo, mwenye nyama na mifupa, aliyezaliwa na mama, akabaki jukwaani anapaza sauti, "Ni mimi! Jamani, ni mimi!" na watu wakawa wanampa mgongo, wanawahi nyumbani kumsubiri wa kweli ashuke darini.

Kalunde akamshika mama yake mkono, kwa nguvu, kama alipokuwa mdogo.

"Twende kwa mama Siwema," akasema.

*

Walisimama mbele ya mlango wa Siwema. Tangu Nyamizi ahamie pale hakuwahi kuuona umefungwa mchana. Kalunde akashindwa kusogea, akabaki hatua chache nyuma, kichwa chini. Alikuwa amebeba jogoo kwapani. Alimtafuta jiji zima, maana kuku wa kweli sasa ni adimu.

Nyamizi akagonga.

"Wezi, mpo?" akaita. Sauti aliitoa kwa nguvu zote, ile ya Bibi Nyanzala.

Hatua zikasikika, za taratibu. Mlango ukafunguliwa. Siwema alikuwa amevaa vizuri, nguo ya kutokea, magoti yana plasta.

"Karibu, Mhandisi," akasema. "Karibuni. Poleni sana na msiba."

"Pole ya nini, mtumwa we? Tumekuletea jogoo wako. Mkia anao, usije ukasema tumekudhulumu."

"Jamani, mmejisumbua. Asanteni sana."

Akampokea jogoo kwa mikono miwili. Akamwambia Kalunde, "Karibu, binti, pita ndani," na Kalunde akaanza kulia palepale mlangoni, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kumwita binti; alimwita mpagazi mdogo tangu hajaota meno. Siwema akampa kitambaa safi. Akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi, akamkalisha Nyamizi. Akaleta vikombe vile vya wageni, vya kabatini, akamimina chai.

Nyamizi akakitazama kikombe. Akajaribu tena.

"Vikombe hivi mmeviiba wapi?"

Midomo ya Siwema ikacheza. Jibu lilikuwepo, Nyamizi aliliona limefika mpaka kwenye meno, jibu lenye makali, tamu, la kumfuta mtu machozi. Kisha macho ya Siwema yakapanda darini, kule kwenye kijidude kidogo kinachosikia. Yakakaa huko kidogo. Yakashuka.

"Sukari inatosha, dada?" akauliza.

"Inatosha, dada," Nyamizi akajibu.

Na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza, tangu wajuane, kuitana hivyo.